Vua Saa, Tazama Chini Yake

Mazungumzo na vijana wa Kibondo na Kasulu

 

Leo sitazungumzia malaria wala mimba za utotoni. Hayo tumeshayazungumza na tutayarudia. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu kidogo ambacho baadhi yenu mmekivaa hivi sasa. Ni saa ya mkononi yenye mkanda wa chuma, ile ambayo wengi tunaiita saa ya cheni.

Najua kuna atakayecheka na kusema, "Saa nayo ina uhusiano gani na afya?" Subiri kidogo, rafiki. Kama unayo, ivue sasa hivi. Igeuze utazame upande unaogusa ngozi. Angalia zile nafasi nyembamba kati ya pingili moja na nyingine, halafu pitisha ukucha. Umeona nini?

Huo utando mweusi ni mchanganyiko wa jasho, mafuta ya ngozi, ngozi iliyokufa, losheni, mabaki ya sabuni na vumbi. Na vumbi letu sisi wa nyanda za juu za Kigoma mnalijua. Sehemu za barabara kuu zimewekwa lami miaka ya karibuni, lakini ukitoka kwenye lami tu na kuingia njia ya kijijini wakati wa kiangazi, unafika nyumbani nyusi zote nyekundu. Nguo unafua na mwili unaoga. Je, saa umeiosha lini?

Usione aibu. Walio wengi hawajawahi kuiosha hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba huoshwa.

SAA BADO INA KAZI

Wengine watasema saa zimepitwa na wakati, simu inatosha. Sawa, lakini mwanafunzi wa sekondari haruhusiwi kwenda na simu shuleni. Kwenye chumba cha mtihani wa taifa simu ndiyo kabisa. Mwanachuo wa ualimu akienda mazoezini anahitaji kujua dakika zake 40 za kipindi zimefika wapi. Dereva wa bodaboda hawezi kutoa simu mfukoni kila mara. Kwa hiyo saa bado ni chombo cha kazi.

Tena kuna saa zenye historia. Zamani wanaume wengi wa Buha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga na Morogoro. Hao ndio walioitwa manamba. Aliyerudi na baiskeli, redio au saa alionekana mtu kweli kweli. Inawezekana hiyo unayoivaa ilikuwa ya babu, ikaja kwa baba, sasa iko kwako. Saa ya namna hiyo haistahili kufa kwa uchafu, na wewe hustahili kuugua ngozi kwa sababu yake.

"HAISHIKI KUTU", LAKINI KWA SHARTI

Mwaka 1913 fundi mmoja wa Uingereza aitwaye Harry Brearley, katika mji wa Sheffield, alitengeneza chuma chenye kromiamu nyingi na kukuta hakishiki kutu upesi kama vyuma vingine. Chuma cha jamii hiyo leo tunakiita stenlesi. Ndicho kinachotengeneza sufuria nzuri, mikasi ya hospitali, na mikanda ya saa zilizo bora.

Siri yake ni hii. Kromiamu iliyomo ndani ikikutana na hewa hujenga ngozi nyembamba mno juu ya chuma, nyembamba hata huwezi kuiona. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia kutu. Ikikwaruzwa hujitengeneza upya yenyewe, mradi hewa ifike. Sasa ukiziba zile nafasi kwa uchafu, hewa haifiki. Ukiongeza chumvi, kazi ya kuila inaanza. Na chumvi haitoki Uvinza peke yake, jamani. Jasho lako lina chumvi. Ndiyo maana unaweza kukuta saa iliyoandikwa stenlesi ina madoa ya kutu kwenye maungio.

Jambo lingine la kuangalia ni maandishi ya nyuma. Saa nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwenye magulio zimeandikwa "Stainless Steel Back". Maana yake ni kwamba kifuniko cha nyuma peke yake ndicho cha stenlesi. Mkanda unaweza kuwa chuma kingine cha bei rahisi kilichopakwa rangi ya fedha au dhahabu. Rangi hiyo ikibanduka, ngozi yako inagusana na kilichokuwa chini. Kumbuka neno hilo, maana tutalirudia.

MKONO ULIONAWA NUSU

Umewahi kujiuliza kwa nini wauguzi wengi huning'iniza saa kifuani? Si mtindo tu. Muuguzi akiwa na saa kifuani anahesabu mapigo ya moyo wa mgonjwa huku mikono yake ikiwa huru, na anaweza kunawa hadi juu ya kifundo cha mkono bila kitu kumzuia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 juu ya usafi wa mikono, linamtaka mhudumu avue pete, saa na bangili kabla ya kuandaa mikono kwa upasuaji. Uingereza nayo ilitangaza mwaka 2007 kwamba wahudumu wa hospitali wanaogusa wagonjwa waache mikono wazi kuanzia kiwiko kushuka chini, bila saa.

Wewe si daktari wa upasuaji, ni kweli. Lakini unakanda ugali, unamnawisha mdogo wako aliyejisaidia, unamlisha bibi mgonjwa. Ukinawa na saa mkononi, maji na povu vinaishia pale mkanda unapoanza. Chini yake panabaki unyevu, uchafu na vijidudu.

Sisi wa mkoa huu hatuhitaji kuambiwa umuhimu wa kunawa. Mwezi Mei 2015 maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walijaa katika kijiji cha Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikalipuka na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Wakimbizi wengi waliletwa kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na baadaye mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena. Sisemi kwamba saa ndiyo iliyoleta kipindupindu, la hasha! Ninachosema ni kwamba tunajua gharama ya mikono michafu. Basi tukinawa, tunawe mkono mzima. Vua saa, iweke mfukoni au mahali pakavu, nawa kwa sabuni kwa muda wa sekunde 20 au zaidi, kausha mkono, ndipo uivae.

VIPELE VYENYE UMBO LA SAA

Hapa nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu ndipo penye jambo lililonifanya nichague mada hii.

Kuna kijana mmoja wa sekondari, sitataja shule wala kijiji. Alianza kuwashwa chini ya saa. Vikatoka vipele vidogo, akajikuna, ngozi ikawa nyeusi na kutoa majimaji. Akaanza kuvaa shati la mikono mirefu hata jua la saa saba. Wenzake wakaona. Mmoja akanong'ona, "Huyo ameungua." Mnajua maana yake mtaani, kwamba ana virusi vya UKIMWI. Baada ya siku chache hakuna aliyetaka kula naye sahani moja. Akaacha kwenda shule karibu wiki mbili. Dukani akauziwa tyubu ya krimu bila kuulizwa lolote. Akapaka, ikapoa, akavaa saa tena, ikarudi mbaya zaidi.

Alipofika zahanati, tabibu alimwomba anyooshe mkono. Akautazama, akamwuliza swali moja tu: "Unavaa saa mkono huu?" Kijana akaitoa saa mfukoni. Tabibu akaiweka juu ya kidonda. Ikakaa sawasawa, na pale palipokuwa na weusi zaidi ndipo kifungo cha mkanda kilipolala. Rangi ya kifungo ilikuwa imebanduka yote.

Tatizo hilo ni mzio wa ngozi, wengi huita aleji, na mara nyingi unatokana na metali iitwayo nikeli. Nikeli imo katika vyuma vingi. Hata stenlesi ya kawaida ya mikanda ina nikeli kiasi cha asilimia 8 hivi au zaidi, lakini imeshikwa imara na hutoka kidogo sana. Katika vyuma vya bei rahisi vilivyobanduka rangi hutoka nyingi zaidi, hasa ngozi ikiwa na jasho. Ndiyo maana mwaka 1994 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo la kupunguza nikeli katika vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, kama hereni, saa na vifungo vya suruali.

Mzio huu unaweza kuanza hata baada ya miaka ya kuvaa saa ileile bila shida. Ukishaanza, kwa kawaida haukuachi maisha yote. Kila ukigusana na nikeli nyingi, ngozi itakumbuka. Dada zangu, kama masikio hutoa majimaji ukivaa hereni za bei rahisi, au una kiraka kinachowasha karibu na kitovu pale kifungo cha jinzi kinapogusa, huenda ni jambo hilohilo.

Lakini si kila kipele cha mkononi ni mzio. Angalieni tofauti:

Kama muwasho unafuata umbo la saa na kuishia pale saa inapoishia, shuku saa. Inaweza kuwa nikeli, au ni unyevu na uchafu uliobanwa chini ya mkanda.

Kama unawashwa zaidi usiku, kuna vipele katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono yote miwili na kiunoni, na wenzako wa bwenini au nyumbani nao wanajikuna, shuku upele. Huo husababishwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Hapo wote mnaoishi pamoja mtibiwe kwa wakati mmoja, la sivyo mtaambukizana tena.

Kama ni duara lenye ukingo ulioinuka na katikati pameanza kupona, shuku fangasi.

Kama hujui, nenda zahanati. Usinunue krimu kwa kubahatisha. Krimu nyingi za kutuliza muwasho zina dawa kali ambayo ikitumika ovyo hufanya ngozi iwe nyembamba, na kama ni fangasi huificha huku ikienea.

Na sasa juu ya minong'ono. Hakuna mtu anayeweza kutambua virusi vya UKIMWI kwa kutazama mkono wa mwenzake. Njia ni moja tu, kupima. Kupima katika vituo vya serikali ni bure. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, kijana aliyefikisha miaka 15 anaweza kuamua mwenyewe kupima bila kusubiri ruhusa ya mzazi. Na hata kama mwenzako angekuwa na virusi, haviambukizwi kwa kula sahani moja wala kukaa dawati moja. Yule kijana alipona ngozi baada ya wiki chache za dawa na kuacha ile saa. Weusi ulichukua muda zaidi kufifia. Lakini zile wiki mbili za masomo hakuna aliyemrudishia.

JINSI YA KUOSHA MKANDA WA SAA

Sasa tuingie kazini. Huhitaji fundi wala fedha nyingi. Andaa maji ya uvuguvugu, bakuli, sabuni ya maji ya kuoshea vyombo au vipande vya sabuni ya mche, mswaki laini wa zamani, kijiti cha meno, na vitambaa viwili safi vya pamba. Kipande cha fulana kuukuu kinafaa sana.

1. Kama unajua kutoa pini, tenganisha mkanda na kichwa cha saa. Fanyia juu ya kitambaa, maana pini ile ina springi na huruka. Kama hujui, usilazimishe. Acha kichwa mahali pake, ukikishikilia juu ya maji, mkanda peke yake uning'inie ndani.

2. Angalia kama kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa kimebanwa hadi ndani. Kikiwa nje, maji yataingia. Usidanganywe na maneno "Water Resistant" au "30 M" nyuma ya saa. Hayana maana kwamba unaweza kuogelea nayo kina cha mita 30; kwa saa hiyo ni kuvumilia matone ya mvua na maji ya kunawa tu. Saa ya zamani, ambayo mipira yake imechoka, isiguse maji kabisa kichwani.

3. Loweka mkanda kwa dakika 10 hadi 15. Maji yawe ya uvuguvugu tu, ambayo mkono unayavumilia bila shida. Yasichemke.

4. Sugua kwa mswaki polepole. Anza upande wa ndani, kati ya pingili, halafu kwenye kifungo. Kunja na kunjua mkanda ili nafasi zifunguke. Penye uchafu mgumu tumia kijiti. Usitumie sindano wala kisu, utakwaruza. Usishangae maji yakigeuka rangi ya chai.

5. Mwaga maji hayo na usuuze mara mbili kwa maji safi. Suuza vizuri sana kama umetumia sabuni ya mawese ya kutengeneza nyumbani, kwa sababu mabaki ya magadi huwasha ngozi.

6. Kausha kwa kitambaa, kisha uuache mkanda kivulini kwenye hewa kwa saa moja au zaidi. Usiuanike juu ya jiko. Ukiuvaa na unyevu, umerudi palepale.

7. Osha na kifundo cha mkono chako pia, ukikaushe. Huo mswaki uwe wa saa tu tangu siku hiyo. Usiurudishe kinywani, tafadhali!

Kichwa cha saa kifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu.

VITU VYA KUEPUKA

Tumezoea kusugua sufuria kwa majivu, mchanga au waya. Kwenye saa usithubutu, mikwaruzo itakuwa nyumba mpya ya uchafu. Dawa ya meno nayo ina chembe za kusugua. Mkanda utang'aa siku ya kwanza, kisha utafifia.

Usiloweke kwenye Jik wala maji yenye klorini nyingi. Najua mtu hufikiri, "Jik inaua wadudu, basi ni bora zaidi." Klorini hushambulia ile ngozi nyembamba ya stenlesi na kuacha vitobo. Petroli na mafuta ya taa pia hapana, yanadhuru ngozi yako na mipira ya saa, mbali na hatari ya moto. Limau na siki zitamaliza rangi ya mkanda uliopakwa.

MASWALI MNAYOULIZA SANA

Nioshe mara ngapi?
Kifute kwa kitambaa kila jioni ukitoka kwenye jasho. Kuosha kamili, mara moja kwa mwezi inatosha. Wakati wa vumbi, au kama unaendesha bodaboda au unalima nayo, iwe kila wiki mbili.

Nilale nayo?
Vua. Ngozi nayo inahitaji kupumua na kukauka. Na uivae ikiwa na nafasi kidogo, kidole kiweze kupita.

Saa inaniwasha, lakini ni ya marehemu babu. Niitupe?
Usiitupe. Kwanza acha kuivaa mpaka ngozi ipone. Ukiwa na mzio, mwombe fundi saa akuwekee mkanda wa kitambaa au wa ngozi, lakini angalia pia kifungo chake na kifuniko cha nyuma. Kama bado inawasha, ibebe mfukoni. Muda utausoma vilevile.

Nimenunua saa ya mtumba, au nimeazima ya rafiki. Je?
Ioshe kabla ya kuivaa, na ukiirudisha, irudishe ikiwa safi.

NENO LA MWISHO

Mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini mwetu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Muulize bibi au babu, huenda alikuwamo. Walisikiliza pamoja, wakatenda pamoja. Na sisi tufanye hivyo kwa jambo letu dogo la leo.

Jumamosi hii, wewe na rafiki zako wawili au watatu, leteni saa zenu, bakuli moja na mswaki mmoja wa kazi hiyo. Osheni pamoja. Mkimaliza, kila mmoja atazame mkono wa mwenzake. Mkimwona mwenye vipele, msinong'one. Mwulizeni kama yule tabibu alivyouliza: "Unavaa saa mkono huu?" Kisha msindikizeni zahanati.